Nimlete mwanangu soba ya Uingereza? Jibu langu kwa wazazi wa Tanga

Assalaam aleikum, na shikamooni wakubwa zangu mnaonitazama. Leo sionyeshi maduka wala mitaa. Tangu niweke ile video ya shirika la hisani ninalojitolea hapa London, linalosaidia watu waliozama kwenye dawa za kulevya, swali ni lilelile: "Mwanangu anavuta unga, huko kwenu matibabu bure, nimlete?" Najua nikisema usimlete, nitaambiwa nimeshashiba nawafungia wenzangu mlango. Nikieleza ugumu wa huku, nitaambiwa nalalamika huku nakula pauni. Semeni, lakini nisikilizeni, kwa sababu kuna familia Muheza naifahamu imeuza shamba la machungwa kwa jambo hili hili.

Bure ya huku ina wenyewe. Tangu 2013, hapa England, huduma za waraibu ziko chini ya halmashauri, na halmashauri nyingi zinayalipa mashirika ya hisani yafanye kazi hiyo. Turning Point ni mojawapo. Hela hiyo imetengwa kwa wakazi wa eneo. Kijana aliyekuja na viza ya matembezi akilazwa hospitali anaweza kuandikiwa bili ya asilimia 150 ya gharama ya kawaida. Viza yenyewe wakikunyima, ada hairudi. Anayekuja kwa kazi kwa muda mrefu kwa kawaida analipa ada ya afya pauni 1,035 kwa mwaka, mwanafunzi pauni 776, na anailipa kabla hajapanda ndege. Mimi hiyo ada naijua inavyouma, maana unalipia miaka yote ya viza kwa mpigo.

Na soba, yaani nyumba ya kulala ndani anakotibiwa mraibu, hata mzaliwa wa hapa haipati kirahisi. Anahojiwa, anaitwa kwenye vikao, anasubiri halmashauri iamue kama itamlipia. Akitaka ya kulipia mwenyewe ni maelfu ya pauni. Sasa wewe wa Makorora wakala amekwambia kuna nafasi ya bure inamsubiri mwanao? Inamsubiri wapi?

Halafu shirika letu lenyewe halishughuliki na unga, yaani heroini, kama mnavyodhani. Wengi wanaokuja kwetu ni watu wa kemseksi, yaani wanatumia dawa za kulevya kama metamfetamini, mefedroni au zile za majimaji ziitwazo GHB na GBL ili waende kwenye ngono ya masaa mengi, wengine siku mbili tatu bila kulala wala kula. Wengi wao ni wanaume wanaokutana na wanaume wenzao. Najua hapo kuna watakaozima video. Naomba msizime. Kuna mama wa kwetu ameniandikia faragha kwamba mwanawe yuko huku, yamemkuta hayo, na hana wa kumuuliza. Nimeuona ujumbe wake, umeandikwa usiku, maneno yamekatika katikati. Mama, wewe pia nakujibu hapa.

Hao wanaokuja shirikani kwetu huwa wanakuja katikati ya wiki. Wikiendi imeisha, dawa imetoka mwilini, na huzuni inayokuja baada yake ni nzito. Nimekaa na mtu ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili mpaka kikapoa, hajanywa. Fomu mbele yake ina swali moja tu la maana, anataka nini kibadilike. Aliandika, akafuta, akaandika "nilale". Hakuna aliyemwambia neno baya. Tulianza na usingizi, mengine yakafuata.

Kwa hiyo mama, mwambie mwanao mambo haya. Hizi huduma ni za siri, hawapelekei taarifa polisi wala uhamiaji kwa sababu tu ametumia, isipokuwa maisha ya mtu au mtoto yako hatarini. Kujiandikisha kwa daktari wa mtaa hapa England si lazima awe na kitambulisho wala karatasi ya anwani. Wakimkatalia mapokezini, arudi tena au aende kwingine, maana kuna wanaokataa watu kimakosa. Dawa za virusi vya ukimwi ni bure kwa kila mtu huku tangu 2012, hata asiye na makaratasi. London kuna London Friend, shirika la tangu 1972, lina huduma iitwayo Antidote, na mambo haya wanayajua bila kumfanya mtu aone haya. Na hili usilisahau: kama anatumia hiyo GHB au GBL kila siku, asiache ghafla peke yake. Kuacha ghafla kunaweza kumuua. Aende hospitali. Na asiichanganye na pombe, pumzi hukatika.

Sasa turudi kwa wenye vijana wa unga. Hapa ndipo ninapotaka mnielewe. Dawa yenye nguvu ya kumtibu mraibu wa heroini, methadoni, ipo hapo Tanga, hospitali ya Bombo, na ni bure. Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011. Ni methadoni hiyohiyo wanayokunywa waraibu wa London. Hao wa metamfetamini ninaowahudumia mimi hawana dawa ya namna hiyo, wana mazungumzo na uvumilivu. Binamu yangu anakunywa pale Bombo. Kikombe cha plastiki, anameza mbele ya muuguzi, anasema neno ili waone dawa imeshuka, anaondoka. Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, imekwisha. Kinachomsumbua ni nauli, kwa sababu ni kila siku, na asiyekuwa na kazi kila siku atoe wapi ya daladala?

Nilijaribu kutuma mchango kwa soba moja huko nyumbani. Benki ya hapa ikazuia hela. Wakataka cheti cha usajili, barua, sababu ya malipo, uhusiano wangu na mpokeaji, na kila nikituma karatasi wanataka nyingine. Wakati huohuo ndugu wananiandikia kuwa nimesahau kwetu. Hilo liliniumiza, nalisema wazi. Siku hizi nampelekea binamu nauli kwa simu, mama yake anampa asubuhi kwa asubuhi.

Haya ni kwa nilivyoona mimi. Kila mtu na hali yake, labda wewe una mwana mwenye uraia wa huku, hesabu yako ni nyingine. Lakini kabla hujauza chochote piga 119, ni namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, uulize kituo kilicho karibu. Na wakala akikutajia shirika la Uingereza, mwambie akupe jina na namba ya usajili. Rejista ya Charity Commission, mamlaka inayosajili mashirika ya hisani ya England na Wales, iko mtandaoni, kuitazama ni bure, utaona mpaka mahesabu yao. Ukikwama kuisoma, niandikie hapo chini jina la shirika, nitakuangalizia. Usiniandikie jina la kijana.