Jicho Lianzie Wapi: Kukosoa Mpangilio wa Mchoro wa Mwanafunzi

Walimu wenzangu, hamjambo. Leo tutazungumzia mpangilio wa mchoro: nini kimewekwa wapi, kwa ukubwa gani, na jicho la msomaji linapita njia gani. Umahiri wa kuchora mikono au nyuso tuuache kando. Mambo haya mawili yakichanganywa, mwanafunzi hutumia juma zima kunyoosha vidole vya mtu ambaye hakupaswa kusimama pale.

Tuchukue mfano mmoja. Matini ya kitabu anachokichorea mwanafunzi inasema mtoto amekwea mti usiku, na chini yake fisi anamngoja. Mwanafunzi amemweka mtoto katikati ya karatasi, fisi chini yake akiwa na ukubwa uleule, na mwezi mweupe kwenye kona ya juu kulia. Sikio la fisi limegusa ukingo wa shina. Ncha ya tawi imegota kwenye ukingo wa karatasi.

Mwalimu mwenye haraka atasema, "Picha haina uhai." Mpole atasema, "Nzuri, endelea." Kauli zote mbili hazimpi mwanafunzi cha kufanya akishika penseli.

Kabla ya kusema lolote, tazama mchoro kwa sekunde kumi hivi huku umenyamaza, ukifuatilia jicho lako linakokwenda. Kisha muulize mwenye kazi: "Ulitaka msomaji aone nini kwanza?" Akijibu "mtoto," mna kipimo. Sasa mweleze ulichokiona: "Mimi nimeanza na mwezi, nikashuka na shina hadi kwa fisi, mtoto nimemwona mwisho." Hapo hujamhukumu. Umempa habari ambayo yeye hawezi kuipata, kwa sababu anayejua mtoto yuko wapi hawezi tena kumtafuta.

Baada ya habari, toa sababu. Jicho hukimbilia mahali ambapo cheupe kabisa kimekutana na cheusi kabisa, na hapa mahali hapo ni mwezi. Mtoto amepakwa kijivu juu ya majani ya kijivu, kwa hiyo amemezwa. Mwanafunzi asikuamini kwa sababu wewe ni mwalimu, athibitishe mwenyewe. Afinye macho mpaka vitu vidogo vipotee, au aupige mchoro picha kwa simu na kuondoa rangi. Kitakachobaki kimesimama ndicho kinachotawala. Rangi hudanganya sana hapa: nyekundu na kijani zinaweza kuonekana mbalimbali kabisa, kumbe zikiondolewa rangi zinakuwa kijivu kimoja.

Hofu nayo imepungua kwa sababu nyingine: fisi na mtoto wanalingana, na nafasi kati yao imejaa majani. Nafasi tupu ndiyo ingebeba kungoja kule. Migusano ya sikio na shina, na ya tawi na ukingo, ni kosa dogo lenye madhara makubwa. Vitu viwili vikigusana kwa ncha tu, msomaji hashiki kipi kiko mbele, na jicho hunasa pale bila sababu. Dawa ni moja kati ya mbili: vipishane waziwazi, au viachane waziwazi.

Hayo ni makosa matatu, nanyi mngeweza kupata manane. Msiyataje yote. Chagua moja kubwa, ikibidi mawili, na uanze na lile ambalo likirekebishwa litabadilisha mengine. Katika mchoro huu ni mwezi na mtoto. Mwezi ukihamishiwa nyuma ya mtoto, yeye anakuwa umbo jeusi juu ya weupe, na huenda tawi likalazimika kusogea lenyewe.

Neno "huenda" nimelitumia makusudi. Usimpe suluhisho kama amri, mpe jaribio. Achore vichoro vinne vidogo, kila kimoja kisizidi ukubwa wa kadi ya kuchezea, kwa toni tatu tu: nyeusi, kijivu na nyeupe. Dakika tano kila kimoja. Kwa udogo huo hawezi kujificha kwenye kope na manyoya. Ukitaka kuonyesha kitu kwa mkono wako, weka karatasi ya kufuatishia juu ya kazi yake na uchore hapo. Ukiugusa mchoro wenyewe, umegeuka kuwa wako.

Taja pia kinachofaa, tena kwa usahihi uleule: "Mgongo wa fisi uliopinda unanipeleka juu kwa mtoto, huu usiuguse." Sifa ya namna hii si peremende. Mwanafunzi asiyeambiwa kipi kinafanya kazi atakifuta wakati wa marekebisho.

Kuhusu kanuni ya kugawa karatasi katika theluthi na kuweka kitu kikuu kwenye mistari yake badala ya katikati, nawasihi msiitumie kama sheria ya barabarani. Kitu kilichowekwa katikati si kosa; hutulia, na kuna picha zinazotaka utulivu. Swali ni kama matini ya leo inautaka.

Wakati nao ni sehemu ya ukosoaji. Maoni ya mpangilio yatolewe kwenye vichoro vidogo. Yakija baada ya rangi kukauka ni adhabu. Hapohapo mapema kagua mambo ya kitabu: uso usiangukie kwenye mshono wa kurasa mbili, maandishi yawe na nafasi yake, na mandhari inayofika ukingoni ipitilize kwa milimita 3 hivi ili kisu cha kukatia kurasa kiwandani kisiache ufito mweupe.

Kazi ikirudi, weka pembeni maoni yako ya kwanza. Igeuze kama kwenye kioo, itazame upya, uulize lile swali la mwanzo. Mara nyingi mwezi utakuwa umetulia, mtoto anaonekana vizuri, ila sasa macho ya fisi, yaliyopakwa njano kali, yameanza kumnyang'anya nafasi.