Mji Mkongwe: paa la nani?

JUMA: Saida, we si mzaliwa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar kabisa, sasa mbona mnaishi Fuoni, huko nje ya mji? Nyumba iliwaangukia au?

SAIDA: Wala. Tulikuwa wapangaji ghorofa ya juu, mwenyewe akauza, aliyenunua kafanya gesti ya watalii. Si sisi tu, kichochoro kile wenyeji waliobaki ni wa kuhesabu.

JUMA: Lakini UNESCO si walishautia kwenye urithi wa dunia tangu 2000? Mi nikajua mmelindwa.

SAIDA: Limelindwa jiwe bwana! Mlango, roshani, ukuta, ukitaka kuvigusa unaomba kibali Mamlaka ya Mji Mkongwe, ipo toka 1985. Mpangaji akitolewa, hakuna anayekwenda kumuombea kibali.

JUMA: Haa, hiyo kali. Ila tuseme ukweli, nyumba zenyewe zilikuwa zinaoza na nyinyi mpo ndani.

SAIDA: Zilikuwa zinaoza, sikatai, ila sikiliza ilivyokuwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, serikali ikazitwaa ikaingiza familia, wengine kutoka shamba wengine Pemba, nyumba ya familia moja wakakaa watano sita, kila mtu na chumba chake na kodi ya bei ya chai. Sasa mvua ya masika ikija, paa la nani? Wa chini anasema la wa juu, wa juu anasema la serikali.

JUMA: Na serikali inasema hamna bajeti.

SAIDA: Basi ndo hivyo. Na nyumba zile hazitaki kusubiri, ni mawe ya matumbawe na udongo na chokaa, dari imekaa juu ya boriti za mikoko, ndo maana vyumba vyembamba vile, boriti haifiki mbali. Maji yakipenya pale kichwa cha boriti kinapoingia ukutani, inaoza kimyakimya we huoni kitu, siku moja dari yote chini. Halafu anakuja fundi anakupigia plasta ya saruji kwa nje, inapendezaaa, kumbe unyevu kaufungia ndani. Chokaa inapumua, saruji haipumui.

JUMA: Na lile jumba la maajabu, Beit al-Ajaib, je? Pale hapakuwa na mpangaji.

SAIDA: Hapo sasa. Kaijenga Sultan Barghash ile, 1883, na ikaporomoka upande mmoja Desemba 2020 mafundi wakiwa wamo kazini, watu wakafa. Kwa hiyo wasituambie wapangaji ndo wachafuzi.

JUMA: Mi nasema hivi, utanichukia, mahoteli yameokoa nyumba nyingi. Hela wanayo.

SAIDA: Yameokoa, ndio, ila lile jumba la kale la Mambo Msiige walipolifanya hoteli wakabandika na jengo jipya ubavuni hadi UNESCO wenyewe wakapiga kelele. Na hoteli haipeleki mtoto chuoni, haikai barazani jioni. Nenda Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, uone, Rais Karume wa kwanza kabomoa nyumba za watu kajenga maghorofa ya Michenzani, Wajerumani Mashariki wakasaidia, sisi wa mjini tukiyacheka tukiyaita matreni. Leo watu wako wapi? Huko huko kwenye matreni. Mi ukinipa chumba Michenzani nahamia kesho.

JUMA: Kwa hiyo ukarabati usimame?

SAIDA: Usisimame! Nyumba za serikali na za wakfu bado zipo, anzeni na hizo, wapangaji wahamishwe kwa muda warudi na mkataba wa maandishi. Na kodi ipande, hela iende kwenye paa, maana ile kodi ya chai nayo imeozesha boriti.

JUMA: Watakubali kupandishiwa?

SAIDA: Mama yangu angekubali. Kaka yangu sijui, yule hata ya Fuoni hajalipa.