Wijeti Iseme Urefu Wake Yenyewe

Jamani nianze na lile lile ambalo nalisema kila nikipewa maiki: ukurasa mkubwa hauwezi kujua urefu wa wijeti, yaani kile kipande kama fomu kilichopachikwa ndani yake, ikiwa imetoka domeni nyingine, yaani anwani ya tovuti nyingine. Hauwezi! Brauza inauzuia kuchungulia ndani ya aifremu, lile dirisha linalobeba wijeti, na ni haki, la sivyo tovuti yoyote ingesoma fomu yako ya benki. Kwa hiyo mtu akiniambia "nimeweka urefu wa pikseli 600 inakaa poa", namuuliza, inakaa poa kwenye simu ya nani?

Kuna jamaa aliniita, ana fomu ya kujiandikisha kozi, kaipachika kwenye tovuti ya mteja, watu wanajaza lakini hawatumi. Wiki nzima wanahangaika na seva. Mimi nikaazima simu ya mlinzi pale getini, kasimu kadogo, kioo kina ufa, nikafungua. Fomu ilitengenezwa kwa Kiingereza ikatafsiriwa, lebo zilizokuwa neno moja zimekuwa sentensi, na kwenye kioo chembamba kila sentensi inakatika mistari mitatu. Kila kitu kimeshuka, kitufe cha Tuma kimezama chini ya zile 600, na mtu alishaweka scrolling="no", inayozuia kusogeza juu na chini, eti mstari wa pembeni unaharibu muonekano. Watu wale walikuwa wanataka kutuma, kitufe hawakioni!

Wijeti ijipime yenyewe kwa ResizeObserver, zana ya brauza inayoona kitu kikibadilika ukubwa, itume urefu kwa postMessage, njia ya kutumiana meseji kati ya kurasa, ukurasa ukague kwanza meseji imetoka domeni gani, ndipo ubadilishe urefu. Najua mtasema mbona nimefanya hivyo inarefuka tu, hairudi? Unapima scrollHeight, yaani urefu wa yote yaliyomo, ya html, ule ukurasa wote wa ndani, ndiyo maana. Hiyo haishuki chini ya urefu wa aifremu yenyewe, ikishafika 900 itakujibu 900 hata kama kilichobaki ndani ni 400. Funika kila kitu kwa div moja, kisanduku cha HTML, pima hiyo div. Na 100vh, yaani urefu wote wa dirisha, itoeni humo ndani leo leo, maana vh ya ndani ya aifremu ni urefu wa aifremu, ukiongeza padingi ya pikseli 20 juu yake wijeti inasema nimezidi, ukurasa unaongeza, inasema tena nimezidi, unaongeza, inarefuka hivyo hivyo mpaka simu inachemka mkononi.

Naona naonyeshwa saa, basi haraka haraka. Meseji ya kwanza inapotea kama ukurasa haujaanza kusikiliza, kwa hiyo ukurasa ukiwa tayari uiulize wijeti urefu upya. Wijeti iliyofichwa kwa display:none inajipima sifuri, msiipokee hiyo sifuri. Picha zipeni upana na urefu kabla hazijashuka. Fonti nazo zina mambo yake, hizo tuongee kwenye chai, na mwenye wijeti inayomsumbua aje na laptop, tuifungue hapo hapo kwenye simu ndogo kuliko zote tutakayoipata.