Prosesa na moto wa sigiri

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika licha ya mvua. Nianzie Wandegeya, Kampala, jioni, kwa muuza rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai. Akiwa na mteja mmoja, mkaa anauacha uwake taratibu. Wakijipanga sita, anapepea. Hahitaji kuambiwa, maana ni yeye anayepokea oda.

Prosesa, ubongo wa kompyuta, nayo ina moto wake: masafa, yaani mapigo kwa sekunde. Ukiyapandisha, volteji nayo hupanda, na umeme unaoliwa hufuata mraba wa volteji mara masafa. Tupige hesabu. Masafa yashuke nusu, volteji itoke 1.0 hadi 0.8: umeme wa kuchapa kazi unabaki asilimia 32. Kazi itachukua muda maradufu, sawa, lakini nishati yote iliyotumika ni asilimia 64. Kwa anayechaji kwa sola kijijini, theluthi nzima hiyo iliyookolewa ni saa za taa.

Sasa nani apepee? Kwenye Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, mpepeaji huitwa gavana: kiprogramu kinachochagua masafa. Kuanzia 2004, gavana aitwaye ondemand alikuwa akichungulia kila baada ya muda, anapima prosesa imeshughulika kiasi gani, kisha anaamua. Ni kumtuma mtoto akaitazame sigiri. Akirudi na habari, foleni imeshabadilika. Kinachoniuma ni kwamba skejula, mpangaji anayeamua programu ipi ishike prosesa, alikuwa na hesabu yote mkononi wala hakuulizwa.

Mwaka 2016, katika Linux 4.7, gavana schedutil alianza kumuuliza. Tangu 2013 skejula hufuatilia mzigo wa kila kazi kwa vipande vya takriban milisekunde 1, na kilichotokea milisekunde 32 zilizopita kinahesabiwa nusu tu. Uzuri wenyewe uko hapa: prosesa moja huwa na viini kadhaa, kila kimoja kikifanya kazi yake, na kazi ikihamishiwa kiini kingine, mzigo wake unahama nayo. Gavana wa kuchungulia angeona kiini kilichokuwa kimelala, akakiacha kijikongoje. Schedutil anajua mgeni aliyefika ni mzito.

Hesabu yake ni fupi: mzigo mara 1.25. Mzigo ukiwa nusu, prosesa ya megahetzi 2,400 inaombwa iende 1,500. Robo ya ziada ni nafasi ya kupumua. Ukifika asilimia 80, moto wote.

Wenye Linux, fungueni kompyuta mwandike amri hii kwenye terminal, iwatajie gavana wenu:

cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_governor

Nisomeeni mlichokiona, tuanzie hapo.