Sauti za Mnara: Siku 30 Hazitoshi

Ndugu zangu, wanaonijua washajua nitaanzia wapi: siku 30. Kiambatisho cha 11 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinataka mazungumzo ya mwongoza ndege na rubani yarekodiwe, yatunzwe angalau siku 30. Zikipita bila ajali au tukio la kuchunguzwa, ruhusa kufuta. Hilo sijalikubali hadi leo.

Niacheni nirudi Nairobi, hata kama mmeshanisikia. Tarehe 3 Septemba 1974, Boeing 747 ya British Airways inateremka kuelekea uwanja wa Embakasi. Inaambiwa ishuke hadi futi 7,500. Redioni tarakimu husomwa mojamoja: saba, tano, sifuri, sifuri. Marubani wakasikia tano, sifuri, sifuri, sifuri. Futi 5,000! Na uwanja wenyewe uko futi 5,300 na ushei juu ya bahari. Hapa kwetu Mombasa uwanja uko futi 200 tu, kwa hiyo futi 5,000 ni anga tele. Kule ni chini ya udongo. Walipoinua ndege, zilibaki futi 70 hivi. Huo ni urefu wa mnazi, jamani! Mnazi mmoja!

Hakufa mtu. Sasa niambieni, tukio kama hilo marubani wakilinyamazia, nani atajua kuna sauti ya kuhifadhi? Mwezi ukiisha, kosa limefutwa, na mwenzake yuko njiani.

Mtaniambia nafasi ni ghali. Ilikuwa ghali enzi za kanda kubwa za sumaku, zenye njia nyingi, moja ikibeba saa ili ijulikane kila neno limesemwa sekunde gani. Zikijaa, zinarudi mashineni, sauti mpya inafuta ya zamani. Leo pigeni hesabu nami: masafa moja, sauti ikibanwa kwa kilobiti 8 kwa sekunde, ni megabaiti 86 kwa siku. Mwaka mzima haufiki gigabaiti 32. Kadi ya simu ya kijana wa Marikiti inaubeba!

Wanaoogopa mwongoza ndege kuchunguzwachunguzwa, nawaelewa. Kabati lifungwe, ufunguo wapewe wachunguzi wa ajali. Lakini kufuta, hapana.

Tenerife 1977, ndege mbili zilipogongana kwenye njia ya kurukia, naigusa tu, muda umenitupa mkono. Watu 583. Redio mbili zikasema kwa pamoja, ukasikika mluzi mahali pa maneno. Kwa funzo la kanda zile, leo neno la kuruka halitamkwi ila ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa. Kanda hizo zilitunzwa kwa kuwa watu walikufa.

Haya, maswali. Anzeni nyinyi wa nyuma.