Treni haianguki pale ulipoikuta imelala

Karibuni vijana, nyie wa huko nyuma sogeeni mbele viti vipo, hii spika inakoroma kama haitaki kazi lakini tutaenda nayo hivyohivyo.

Treni ikiacha njia hapa kwetu cha kwanza utasikia nini? Dereva alikuwa anakimbiza. Wengine washasema hujuma, hata mabehewa hayajapoa. Na kila mtu anapiga picha kwenye lile lundo, kumbe mchunguzi anayeijua kazi lundo analipa kisogo, anatembea kurudi kule treni ilikotokea, kichwa chini kama mtu aliyedondosha sindano.

Anatafuta alama ya kwanza. Gurudumu la treni lina ule ukingo wa ndani unaolizuia lisitoke, sasa ukingo ukipanda juu ya reli unaacha mchirizi mwembamba unaong'aa, unakata mgongo wa reli kwa mshazari kutoka ndani kwenda nje, alafu unapotea. Hapo angalia chini upande wa nje: taruma la kwanza, yaani kile kipande kinacholala chini ya reli, limechubuka, la pili, la tatu, baada ya hapo ni kokoto tu zimetapakaa. Mchirizi ukikosekana na gurudumu limedondokea ndani hiyo stori nyingine, toa kipimo upime upana kati ya reli mbili, reli yetu ya kati ya Tanzania ile ya zamani ni milimita 1,000, ukikuta reli zimeachana sana anza kukagua misumari na mataruma. Na kati ya Kilosa na Gulwe msimu wa mvua unaweza usikute hata tuta lenyewe, mto umelibeba reli zinaning'inia hewani, hapo dereva umlaumu kwa lipi?

Sasa Ujerumani, kijiji kinaitwa Eschede, tarehe 3 Juni 1998. Treni ya ICE, zile za mwendokasi za Wajerumani, inatoka München kwenda Hamburg, spidi kama kilomita 200 kwa saa, wakafa watu 101. Daraja la barabara limelalia mabehewa, na kwenye mabaki kuna gari dogo, basi watu wakajua tayari, gari limedondoka toka darajani likaangusha treni. Wapi! Lile gari lilikuwa la mafundi wa reli waliokuwa kazini palepale.

Wachunguzi waliporudi nyuma ndo wakaona mambo yalianza kama kilomita 6 kabla. Gurudumu moja la behewa la kwanza pete yake ya chuma ilikatika, ikanyooka, ikatoboa sakafu ikachomoza katikati ya viti vya abiria. Abiria mmoja akainuka kumtafuta kondakta, kondakta akataka akaone kwanza kabla ya kuvuta breki ya dharura, na treni muda wote huo inakata mbuga. Chuma kikanasa kwenye pointi, pale reli zinapogawanyika treni ibadili njia, gurudumu likatoka, pointi iliyofuata ikageuka, magurudumu ya nyuma ya behewa la tatu yakaelekea njia ya pili na behewa hilo likazoa nguzo za daraja.

Pete ilikatika kwanini? Chukueni waya, ukunje na kuukunjua, ukunje na kuukunjua, mwisho unakatika bila hata nguvu. Huo ndo uchovu wa chuma. Hizo treni mwanzo zilikuwa na magurudumu ya kipande kimoja, yakawa yanatikisa mpaka behewa la mgahawa, wakaweka mengine ya pete ya chuma juu ya raba. Sasa pete iliyokalia raba kila mzunguko inabonyea kidogo, na ufa ulianzia upande wa ndani ambako tochi ya fundi haifiki. Kipenyo kilikuwa 920 kikalika mpaka milimita 862, na mwisho ulioruhusiwa ni 854, yaani kwenye karatasi lile gurudumu zima kabisa!

Alafu hili ndo linaniumaga. Ndani ya miezi miwili kabla ya ajali wafanyakazi wa treni waliripoti mara 8 kwamba seti ile ya magurudumu inapiga kelele na kutikisika. Mara nane, na gurudumu likaendelea kuzunguka.

Haya, pale mlangoni nimewawekea kipande cha reli kina mchirizi niliosema, njooni mmojammoja mpitishe kidole, ila polepole, mwishoni pale kinakata.