Jina la Mwairani likiingia kwenye Kiingereza

Haya, asalaam aleikum jamaa zangu wa Mombasa, wa Unguja na popote mlipo. Leo nawarekodia kutoka Westwood Boulevard, Los Angeles, upande ambao Wairani wamejaa mpaka mji umepachikwa jina la Tehrangeles. Ngoja nigeuze kamera mwone mabango. Duka la vitabu, mwanasheria, daktari wa meno. Maandishi ya Kiajemi na ya Kiingereza yanabanana, na majina ya ukoo ndiyo yanayotangulia.

Majina hayo ndiyo mada yangu leo. Kwa Kiajemi, mtu mzima huwezi kumtaja kwa heshima kwa jina la ukoo kavukavu. Ni Agha-ye Tehrani, au Khanom-e Tehrani, kama sisi tunavyotanguliza Bwana, Bi au Mzee. Kwenye Kiingereza cha magazeti mengi, heshima hiyo inavuliwa mlangoni. Mchukueni Maryam Mirzakhani, mzaliwa wa Tehran, mwanamke wa kwanza kutunukiwa Medali ya Fields ya hisabati, mwaka 2014. Mwandishi anamtaja kwa ukamilifu mara moja, halafu ni "Mirzakhani proved", "Mirzakhani's work", hivyo hivyo hadi mwisho. Bibi yangu angesikia angeuliza huyu mtoto kawakosea nini. Hakukosea kitu, hata marais wao wanaandikwa vivyo hivyo.

Sasa linalonichekesha: jina lenyewe limebeba vyeo tumboni. Sheria ya mwaka 1925 iliwalazimisha Wairani wote wawe na majina ya ukoo, na enzi hiyohiyo vyeo vya zamani vikapigwa marufuku. Lakini litazameni hilo Mirzakhani vizuri: Mirza na Khan, vyote vyeo vya zamani, halafu "i" ya nisba, yaani ya kuonyesha asili, ileile ya Shirazi mnayoijua nyinyi. Mhariri wa Kiingereza kamvua cheo cha nje, cha ndani kimempita hivi hivi.

Zadeh ndiyo balaa zaidi. Maana yake ni "mzaliwa wa", kwa hiyo kwa kawaida hutanguliwa na jina au cheo cha mzazi. Lotfi Zadeh, yule profesa wa Berkeley aliyeanzisha mwaka 1965 hisabati ya mambo yasiyo na mpaka dhahiri, ukoo wake ulikuwa Aliaskerzadeh. Lilipofupishwa, mzazi akaondoka, "mzaliwa wa" akabaki peke yake. Vitabu vya uhandisi vinaandika "Zadeh's theory" bila wasiwasi. Nadharia ya mzaliwa wa nani, jamani? Kiingereza kinahitaji tu kitu cha kubandikia ile 's yake.

Na wingi wanautengeneza kwa s tu. Ukoo wa Reza Shah, uliotawala hadi mapinduzi ya 1979, ni "the Pahlavis". Sisi tunasema akina Pahlavi, jina halijaguswa. Kwa wanandoa wanafanya vivyo hivyo, wakidhani mke kachukua jina la mume, kumbe mwanamke wa Kiirani huolewa na jina la kwao akabaki nalo, kama huko kwetu Pwani binti fulani anavyobaki binti fulani.

Matamshi je? Hapo Wapwani mna bahati. Dara Khosrowshahi, mkuu wa Uber tangu 2017, Wamarekani wengi wanamwanzia kwa "k" kavu, lakini nyinyi mnaosema kheri na khamsini mna ile "kh" tayari. Msivimbe kichwa lakini! Mkazo wa Kiajemi unaangukia silabi ya mwisho: Tehra-NI, Pahla-VI. Sisi tunaliweka zito silabi ya pili kutoka mwisho, Teh-RA-ni, na hapo tumeungana na Wamarekani kukosea. Na ile "j" ya Ahmadinejad si "j" ya jembe. Ni sauti laini inayokaribia "sh" yenye mngurumo, ambayo tahajia ya Kiingereza imeificha, na watangazaji wakahangaika nayo tangu alipochaguliwa rais mwaka 2005.